Kujitegemea Katika "Wasifu wa Siti Binti Saad"

Tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967, neno kujitegemea limekuwa maarufu mno katika nchi zetu, na wengi wetu tulisikiapo huwaza jembe, shamba na hazina ya taifa. Lakini uko kujitegemea mwingine unaoutangulia huo, nao ni wa nafsi inayojikuza yenyewe. Kwa maoni yangu, vitabu vya Kiswahili vinavyotupa mfano hai wa jambo hili ni vichache kama "Wasifu wa Siti Binti Saad", alioutunga Shaaban Robert ukatolewa mwaka 1958, miaka minane baada ya mwimbaji huyo kufariki dunia.

Habari za Siti zajulikana. Alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, yapata mwaka 1880, katika ukoo wa mafukara wenye asili ya utumwa. Kazi ya kwao ilikuwa ufinyanzi, naye alivichukua vyungu kwa miguu hadi mjini akivinadi kwa sauti yake. Mwaka 1911 alihamia mjini, na mwaka 1928 alivuka bahari kwenda Bombay, ambako nyimbo zake zilitiwa katika sahani za santuri.

Msomaji mwenye haraka atasema kwamba mwanamke huyu alibahatika kwa kuzaliwa na sauti nzuri. Maisha yenyewe yakanusha neno hilo. Sauti alikuwa nayo tangu siku za vyungu, wala haikumtoa katika ufukara. Kilichomwinua ni kukubali, hali ya kuwa mtu mzima, kuwa mwanafunzi na kuanza upya. Wala hakujua kusoma na kuandika. Basi kila ubeti alioimba ilimpasa kwanza auhifadhi moyoni. Mwenye daftari huweza kusahau kisha akafungua kurasa. Siti hakuwa na kurasa ila nafsi yake.

Nguvu hiyo ya ndani ilijaribiwa kwa dhihaka. Mahasimu walimtungia maneno ya kumtweza kwa asili na umbo lake. Katika jibu lake, lililokuwa wimbo vilevile, hakuikana asili wala hakujidai uzuri, bali aliitanguliza akili mbele ya sura na nasaba. Hapo ndipo ninapouona ukuaji wa kweli: mtu aliyeacha kuomba idhini ya wengine ili ajithamini.

Hata hivyo, kitabu hiki hakikosi dosari. Shaaban Robert alikuwa mpenzi mkubwa wa adili, na mara nyingine mawaidha yake husimama kati ya msomaji na Siti, hata twasikia mwandishi akinena mahali ambapo tungependa kumsikia mwanamke mwenyewe. Dosari ya pili ni yetu sisi wasomaji. Tumezoea kumtaja Siti kama nyota iliyojizaa yenyewe, tukawasahau waliopiga ala pamoja naye, akina Subeit Ambar, Buda Swedi na Mbaruk. Tukimsoma hivyo tunajidanganya, na kijana atakayetuamini atajifungia chumbani akingoja kukua peke yake.

Wahenga walisema kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Wakasema pia kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Wengine huona methali hizi zapingana. Maisha ya Siti yazipatanisha. Hakungoja mtu aje Fumba kumtoa, bali aliondoka mwenyewe. Lakini alipofika mjini hakuona aibu kufundishwa, wala hakudharau mkono wa mwenziwe. Kujitegemea kwake kulikuwa kuchukua dhamana ya safari yake. Hakukuwa kukataa wasafiri wenzake.

Na matunda ya safari hiyo hayakuishia kwake. Fatuma binti Baraka, aliyejulikana kwa jina la Bi Kidude na aliyefariki mwaka 2013, alijifunza nyimbo za Siti kwa kumsikiliza akiimba, kisha akaziimba hata uzeeni. Siti aliupokea uimbaji kwa sikio na kuuhifadhi moyoni. Mwingine akaupokea kwake kwa njia iyo hiyo. Atakayeusoma wasifu huu na ajiulize si tu amepanda hadi wapi, bali pia ni nani anayejifunza kwa kumsikiliza yeye.