Ukuta Wenye Fani, Maudhui ya Kuazima

Tumezoea kuhakiki riwaya na diwani. Leo naomba tuhakiki ukuta, maana nao unasomwa, tena na wengi kuliko vitabu vyetu.

Pita Mwanjelwa na Soweto pale Mbeya, au zunguka Mlandege na Kihesa, Iringa. Utasoma "Usikojoe hapa", utasoma "Nyumba hii haiuzwi". Utaona alama nyekundu ya X kwenye nyumba iliyoingia hifadhi ya barabara, na duka lililopakwa rangi ya kampuni ya simu toka msingi hadi juu. Halafu pembeni, kwa mkaa, jina la kijana au la kijiwe chake. Katika yote hayo, la mkaa ndilo linaloitwa uchafu. Sibishi kwamba ni kosa. Kanuni ya Adhabu inakataza kuharibu mali kwa makusudi, na mwenye nyumba kanunua chokaa kwa jasho lake.

Dawa inayosifiwa ni kuwapa vijana rangi wachore kwa ruhusa. Mfano mkubwa ni Philadelphia, Marekani. Mwaka 1984 Meya Wilson Goode alianzisha mpango wa kupambana na maandishi ya ukutani, akaajiriwa mchoraji Jane Golden. Wale wale waliokuwa wakiandika majina yao usiku wakafundishwa kuchora mchana. Mwaka 1996 ikazaliwa programu ya jiji ya michoro ya ukutani, na wakazi wa mtaa hushirikishwa kuamua kinachochorwa.

Kwetu, kazi nyingi za namna hii nilizoziona zinapindia hapo. Anaitwa kijana anayejua kuchora tayari, anakabidhiwa kopo la rangi pamoja na ujumbe uliotungwa ofisini: nawa mikono, tunza mazingira. Fani safi kabisa, ila maudhui ni ya kuazima. Yule wa mkaa kabaki kijiweni anatazama tu. Sasa ataacha kuandika kwa sababu gani?

Linganisha na Kibera. Wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, Solomon Muyundo, ajulikanaye kama Solo 7, alishika brashi akaandika maneno ya kuomba amani kwenye kuta na vibanda. Fani yake ilikuwa herufi tu, lakini dhamira ilitoka mtaani kwake. Februari 2012, Nairobi, wachoraji wakiwa na Boniface Mwangi waliwachora wanasiasa kama tumbusi. Hiyo nayo ni sanaa ya vijana, na ndiyo mtihani wenyewe: mradi unataka vijana waseme, au unataka wapake rangi wanyamaze?

Msimamo wangu ni huu. Tusiuhukumu mradi kwa idadi ya kuta zilizobaki safi. Tuulize aliyeandika kwa mkaa kaingia au kaachwa nje, na maneno ni ya nani. Kijiwe kipewe ukuta mmoja, mwenye nyumba akiridhia na majirani wakisikilizwa, vijana watunge wenyewe. Jamaa alichokuwa akikitafuta kwa mkaa ni jina. Basi liandikwe chini ya kazi aliyoitunga, tuone kama kesho ataliandika tena kwenye duka la mtu.