Mapenzi Baada ya Arusi

Huzuni huandikika. Ina matukio yake: kifo, talaka, njaa, mtu kafukuzwa kwao. Furaha haina tukio. Jioni ya baridi huku Kasulu, mume na mke wanapura maragwe uani, hakuna anayesema neno, na wote wawili wameridhika. Mwandishi aeleze nini hapo, na msomaji asichoke? Ndiyo maana nawastahi sana wanawake wanaoandika riwaya za mapenzi. Wameingia mahali pagumu.

Hadithi nyingi tulizokua nazo huishia arusini. Elieshi Lema, katika *Parched Earth*, riwaya aliyoiandika kwa Kiingereza ikatoka mwaka 2001, anatupeleka mbele ya hapo. Msimulizi wake, Doreen Seko, ni mwalimu, binti wa Foibe aliyelea wanawe bila mume nyumbani. Doreen anaolewa kwa kupenda. Kisha suala la mtoto wa kiume linaingia ndani ya nyumba, na mapenzi yanaanza kukauka. Hata hivyo Lema amekiita kitabu hicho hadithi ya mapenzi, na mimi nakubaliana naye kabisa. Anayeuliza yamekaukia wapi bado anayatafuta. Kumpa mke nafasi ya kuuliza hivyo kwa kinywa chake mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa, bila kumgeuza shahidi wa mahakamani, ni ufundi mkubwa.

Kabla yake, mwaka 1975, Ndyanao Balisidya alitoa *Shida*, na mwaka huohuo Martha Mvungi akatoa *Hana Hatia*. Balisidya, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika juu ya vijana wanaoacha kijiji wakiamini raha iko mjini. Msomaji wa Kibondo hahitaji kuelezwa habari hiyo. Enzi za mkoloni wanaume wa Buha, yaani huku kwetu, walikwenda manamba kwenye mashamba ya mkonge, Tanga na Morogoro. Waliokwenda wametajwa katika vitabu vya historia, pamoja na kazi yao na malipo yao. Waliobaki walilima mihogo, wakalea, wakangoja. Kungoja nako ni mapenzi, tena mapenzi yenye hesabu kali: msimu huu hakurudi, ujao huenda, na mtoto sasa anatembea. Mwanahistoria ataniambia treni ilifika lini. Mwanamke aliyekuwa akingoja alilala vipi usiku wa kuamkia siku hiyo, hilo nitalijua kwa mwandishi wa riwaya.

Na mwandishi huyo lazima awe na masikio. Wanawake wanaotoka sokoni na vikapu kichwani humaliza habari ya ndoa nzima kwa sentensi moja ya utani, wote wakacheka, na aliyeolewa vibaya akacheka kuliko wenzake. Kuubeba utani huo hadi kwenye karatasi ukiwa bado hai ni kazi ya subira. Ukiueleza, unakufa, ukiuacha bila watu wake, haueleweki. Mwandishi hodari hutuonyesha kwanza nani kanyamaza, halafu ndipo neno linatoka. Mimi humpima mwandishi hapo kabla ya kutazama kisa chake.

Heru, utawala wa jadi hapahapa Kasulu, ilitawaliwa na mwanamke katika miaka ya 1950: Mwami Theresa Ntare. Cheo chake kinajulikana. Natamani kusoma riwaya itakayomfuata baada ya baraza kuvunjika na wazee kuondoka, imsikilize akizungumza na wa nyumbani mwake. Alicheka na nani? Nani aliweza kumwambia amekosea? Nawaona wasichana wa shule zetu wakiandika insha kuhusu uongozi wake, tarehe zikiwa sawasawa. Ningempa mmoja wao daftari jipya, nimwombe aanze na kicheko.