Vipimo vya Uso wa Nani?

Mpango mzuri wa kunyoosha meno hujulikana kabla waya haujafungwa. Mimi huanza na eksirei ya kichwa iliyopigwa kwa upande. Meno yawe yameumana, midomo imelegea, na kingo mbili za taya la chini zikaribie kulaliana. Zikiachana sana, kichwa kiligeuka, na kila pembe itakayopimwa hapo ina kasoro.

Kisha nauliza: namba hizi zinalinganishwa na nyuso za nani? William Downs alitoa vipimo vyake mwaka 1948 kwa kupima vijana Wazungu 20 wa Marekani waliokuwa na meno yaliyokaa vizuri. Mwaka 1953 Cecil Steiner akaleta vyake: pembe ya taya la juu nyuzi 82, ya la chini 80, na meno ya mbele ya juu na ya chini yakutane kwa takriban nyuzi 130. Hadi leo namba hizo zimo katika programu nyingi za kliniki. Lakini mtafiti Kapila alipochapisha vipimo vya watoto wa Kikuyu mwaka 1989, meno yao ya mbele yalielekea mbele zaidi ya hapo, na ndivyo walivyoumbwa. Binti wa Nyeri akipimwa kwa namba za Steiner ataambiwa meno yamechomoza. Atang'olewa manne, moja nyuma ya kila chonge, ya mbele yavutwe kuziba mapengo, na midomo ifuate nyuma. Pua na kidevu havijamaliza kukua. Miaka ikipita, midomo ile huzidi kuonekana imezama.

Daktari mahiri humwambia mgonjwa afumbe mdomo, kisha hukitazama kidevu. Kikikunjamana na kutoa vishimo kama ganda la chungwa, msuli unalazimishwa: hapo kweli meno yako mbele mno kwa midomo hiyo. Kidevu kikibaki laini, sioni sababu ya kung'oa kwa ajili ya namba peke yake.

Jedwali lililoandikwa "Waafrika" nalo lisiaminiwe upesi. Ndugu wawili huweza kutofautiana kuliko wastani wa makabila mawili, kwa hiyo wastani usioambatana na kiwango cha kutofautiana haunifai. Tena pembe za Steiner hutegemea mstari wa chini ya fuvu. Mstari huo ukiwa umeinama kuliko kawaida, taya huonekana limesogea na kumbe liko palepale. Ndiyo maana mpimaji makini huhakikisha kwa mstari wa pili, utokao kwenye tundu la sikio hadi ukingo wa chini wa jicho.

Wapo wanaotaka midomo yao irudi nyuma, na hiyo ni sababu halali ya kung'oa. Basi iandikwe kwenye faili kuwa ni matakwa ya mgonjwa, isifichwe nyuma ya nyuzi 130.