Hesabu za Watu Ambao Hawajafika

Bajeti ya kongamano huandikwa kabla ya kujulikana watakuja watu wangapi, na hapo ndipo ulipo ugumu wa kazi ya mhazini, na uzuri wake pia. Mwenye duka huhesabu mali iliyo rafuni. Mhazini wa kongamano huhesabu watu ambao bado hawajaruhusiwa na waajiri wao, hawajakata tiketi, na wengine hawajamaliza hata kuandika mada zao. Kwa kutegemea watu hao anatakiwa kutia saini mkataba wa ukumbi na kutoa malipo ya awali.

Kazi huanza kwa kutenganisha gharama za aina mbili. Ziko zisizobadilika: ukumbi, vipaza sauti, mabango, nauli na malazi ya mzungumzaji mkuu. Hizo hulipwa hata wakija watu kumi. Ziko nyingine zinazofuata vichwa: chai ya saa nne, chakula cha mchana, kitambulisho, mkoba wa makabrasha. Tuseme chama cha kitaaluma kinaandaa kongamano la siku mbili. Gharama zisizobadilika zikiwa shilingi 9,000,000, kila mshiriki akigharimu 70,000 na ada ikiwa 120,000, kila anayelipa huacha shilingi 50,000 za kubeba mzigo ule wa kwanza. Wanahitajika watu 180 ndipo chama kisile hasara. Halafu wapo wasiolipa: wageni rasmi, wanafunzi waliosamehewa ada, waandishi wa habari, wanakamati wenyewe. Watu 20 wa namna hiyo hula shilingi 1,400,000, na ili kuzifidia wanatakiwa walipaji 28 zaidi. Sasa ni 208.

Kamati inayoota watu 300 haifurahii kuonyeshwa namba hiyo, lakini mhazini fundi huiweka mezani katika kikao cha kwanza. Kisha huuliza: mara iliyopita walilipa wangapi? Hataki kujua walijiandikisha wangapi. Jibu la swali hilo ndilo linalochagua ukumbi. Kituo cha mikutano cha AICC mjini Arusha, kilichoanzishwa mwaka 1978, kina ukumbi wa Simba wenye viti 1,350 na kumbi ndogo kadhaa pembeni. Kongamano la watu mia mbili likiingizwa kwenye ukumbi mkubwa kwa ajili ya fahari, fahari hiyo hutolewa mfukoni mwa washiriki.

Ufundi huonekana pia katika kujua kinachofichwa na bei. Hoteli nyingi hutoa makisio bila VAT. Kwa kiwango cha kawaida cha Tanzania Bara, asilimia 18, makisio ya shilingi 10,000,000 huwa 11,800,000 siku ya ankara. Kenya kiwango hicho ni asilimia 16. Ukalimani nao huwaponza wageni wa kazi hii. Wakalimani hukaa kibandani wawili wawili kwa kila lugha, wakipokezana kila baada ya nusu saa hivi kwa sababu akili huchoka upesi, kwa hiyo aliyetenga fedha za mmoja ametenga nusu. Ndiyo maana bajeti nzuri huwa na fungu la dharura, kwa kawaida asilimia 10 hivi. Fungu hili ndilo la kwanza kushambuliwa kila kamati inapotafuta pa kupunguza, na mhazini hana budi kulitetea kuliko mafungu yote.

Upande wa mapato unadai ukweli uleule. Ahadi ya mfadhili, hata iwe na barua yenye mhuri, hukaa kwenye safu yake, mbali na fedha iliyokwisha kuingia benki. Punguzo la ada kwa wanaolipa mapema huonekana kama hisani kwa washiriki, nalo ni hisani kweli, ila kazi yake kubwa ni kuleta fedha wakati malipo ya awali ya ukumbi yanadaiwa. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007, kukusanya ada kumekuwa rahisi sana. Kuzitambua ni jambo jingine: ada ya mwalimu hutumwa kwa simu ya mumewe, ya mwanafunzi kwa simu ya wakala, na jina kwenye ujumbe halilingani na lolote katika orodha ya washiriki. Mhazini hukaa jioni akioanisha ujumbe mmoja mmoja na jina moja moja, ili asubuhi asiwepo mtu aliyelipa akarudishwa mlangoni. Uvumilivu huo hautajwi kwenye hotuba ya ufunguzi, na unastahili kutajwa.

Siku zenyewe zikifika, hesabu huhamia kwenye sahani. Hoteli hudai idadi ya uhakika siku chache kabla, na hutoza idadi hiyo hata wakila pungufu. Mhazini mzoefu anajua kwamba siku ya mwisho wengi huondoka kuwahi mabasi, kwa hiyo huagiza idadi tofauti kwa kila siku na kugawa kuponi za chakula. Posho hutolewa kwa saini mbele ya jina. Masurufu hurejeshwa kwa risiti, hata ya bodaboda aliyetumwa kufuata waya wa projekta, na pasipo na risiti huandikwa hati yenye saini mbili. Anayeidhinisha malipo hawi yule anayelipa. Utaratibu huu huwakera wenye haraka, lakini humlinda mhazini mwenyewe siku maneno yanapoanza.

Baada ya wageni kuondoka husalia usuluhishi wa benki, kodi ya zuio ambayo nchini Tanzania huwasilishwa ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha, na taarifa ya mapato na matumizi. Taarifa bora huweka makisio na matumizi halisi bega kwa bega, na mbele ya kila tofauti sababu yake kwa sentensi moja. Jalada hilo hukabidhiwa mhazini anayefuata likiwa na idadi ya waliolipa, waliokula kila siku, na wafadhili waliotimiza ahadi.