Ufuataji Nyayo katika Makorongo ya Serengeti

Miongoni mwa maarifa ambayo Waikoma, Wanata na Wangoreme wa wilaya ya Serengeti wameyarithi kwa wazee wao wawindaji, kufuata nyayo, yaani kumtambua mnyama, mwendo wake na wakati aliopita kwa alama alizoziacha ardhini, ndiko kunakostahili sifa kubwa zaidi. Mahali pake hasa ni katika makorongo, mabonde membamba yaliyochimbwa na maji, kwa kuwa wakati wa kiangazi, wakati Mto Mara unaoitenganisha wilaya hiyo na Tarime ungali ukitiririka, makorongo mengi hubaki mchanga mtupu, na hata Mto Grumeti husalia na madimbwi yaliyotengana.

Simba na chui hutembea wakiwa wamerudisha kucha ndani, kwa hiyo nyayo zao hazina alama za kucha, ilhali fisi huziacha. Lakini duma naye huziacha, ingawa ni wa jamii ya paka, na hapo mjuzi hulazimika kutazama kisigino, ambacho kwa duma kina vivimbe vitatu upande wa nyuma kama cha simba. Kingo za unyayo mpya husimama wima, kisha jua na upepo huziporomosha. Na unyayo uliokatizwa na vijinjia vya wadudu wa usiku uliachwa kabla ya mapambazuko. Tembo wanapochimba mchanga ili kupata maji, tope ambalo halijatuama ndani ya shimo huonyesha kwamba hawajafika mbali.

Ni kosa kuudhani ufundi huu kuwa wa mtu mmoja. Anayeinamia nyayo hawezi wakati uleule kuvichunguza vichaka, kwa hiyo marafiki wanaopita korongoni kwa mstari mmoja, wakiongozwa na askari mwenye silaha, humwazima macho yao: wa pili hutazama kingo, wa mwisho hutazama nyuma, na mkono mmoja ukiinuliwa wote husimama bila neno. Ukimya huo ni adabu ya hali ya juu, na haupatikani pasipo kuaminiana.

Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilipoanzishwa mwaka 1951, uwindaji ulipigwa marufuku humo na maarifa haya yakapoteza uwanja wake mkubwa. Kwamba leo vijana wa vijiji kama Robanda, vilivyomo katika jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori ya Ikona, huyatumia kulinda wanyama walewale ni jambo la kufurahisha, ila haitoshi kuyahesabu kuwa kazi ya ulinzi tu. Yanastahili kufundishwa katika shule za Mugumu sambamba na biolojia, kwa sababu nayo hukusanya ushahidi, hukisia, kisha huhakiki.

Mvua za vuli zikikaribia, mfuata nyayo hutazama pia mawingu ya mbali, kwani mvua iliyonyesha upande wa juu yaweza kuleta mafuriko mahali ambapo halijaanguka hata tone, naye huwatoa wenzake korongoni mapema na kuendelea ukingoni, ambako nyayo ni chache na nyasi zilizolala ndizo zinazomwelekeza.