Mwizi wa Manyoya na Lebo Zilizopotea

Usiku mmoja wa Juni 2009, kijana Mmarekani wa miaka 20, aliyekuwa akisomea filimbi katika Royal Academy of Music ya London, alivunja dirisha la jumba la makumbusho kule Tring, akatoka na sanduku la ndege waliokufa. Ngozi 299, nyingine zilizokusanywa na Alfred Russel Wallace katika karne ya 19. Edwin Rist alitaka manyoya yao. Kuna watu wanaofunga vyambo vya samoni kwa kufuata maelekezo ya enzi za malkia Victoria, na hao hulipa pesa ndefu kwa unyoya mmoja wa ndege wa peponi.

Hiyo ndiyo hadithi ya The Feather Thief, kitabu cha Kirk Wallace Johnson cha mwaka 2018. Nilikimaliza kwa siku mbili, stima ikapotea katikati nikaendelea na tochi ya simu. Kisome. Lakini nina kesi nacho.

Kama hujui chambo chenyewe: ni ndoano iliyofungwa uzi, manyoya na nywele mpaka samaki akione ni mdudu au dagaa. Wazungu hukiita nzi. Johnson anakieleza vizuri, na kama mpelelezi anajua lini akufiche jambo. Pale anaponikamata kabisa ni kwenye lebo. Kila ndege wa Tring alikuwa na lebo mguuni: alipatikana wapi, lini, na nani. Ukiikata lebo, kwa mwanasayansi huyo ndege amekufa mara ya pili. Ndege wengi waliorudishwa hawakuwa nazo tena. Johnson anaomboleza hapo, nami niliomboleza naye.

Sasa, mbona mtu anayelia hivyo kwa ajili ya lebo za ndege haulizi kuhusu lebo za wanaofunga?

Nilipoacha chuo nilifunga vyambo miezi saba katika karakana moja hapa Nairobi. Wasomaji wengi hawajui kuwa Kenya hufunga vyambo vya kuuzwa Ulaya na Marekani, na kazi hiyo imekuwepo tangu ukoloni. Tulilipwa kwa dazeni. Mimi nilipewa Clouser Minnow, chambo chenye jina la Bob Clouser wa Pennsylvania. Hata Crazy Charlie inamkumbuka Charlie Smith, mwongozaji wavuvi wa Bahamas. Yule mama wa jiriwa ya pili kutoka kwangu, tuliyemwita Anti, alikuwa amefunga maelfu kwa maelfu, na kila kimoja kiliingia kwenye pakiti yenye jina la kampuni. Ndiye aliyenifundisha. "Kichwa kikubwa, mwanangu. Uzi umeziba tundu, mtu atapitisha mshipi wapi?"

Kitabu cha Johnson kinakaa na wakusanyaji, watu wa kuweka chambo kwenye fremu. Rist mwenyewe hakuwa mvuvi. Johnson anauona huo mzaha, anaucheka, kisha anaendelea kutuonyesha fremu. Wanaotumia manyoya ya kuku yaliyotiwa rangi wamo, ila hawakai sana. Kwangu hao ndio hadithi. Samoni akipanda mto kuzaa hata hali. Anarukia kitu kwa hasira au mazoea. Unyoya wa mamilioni ni wa kumfurahisha binadamu. Chambo ambacho hakijaloa bado ni rasimu.

Najua kwa sababu nilijaribu changu. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, kwa hivyo nywele za swala sahau. Nilichukua nywele za mkia wa mbuzi kwa muuza nyama, na macho nikayakata kwenye ule mnyororo wa vishanga wa kizibo cha sinki. Macho hufungwa juu ya ndoano, karibu na tundu, ili uzito ukipindue chambo na ncha itazame juu, isinase mwambani. Kwenye karatasi, kazi safi. Kwenye mlango wa bahari pale Kilifi, aibu. Macho yalikuwa mepesi, mkondo ukakibeba juu juu kama takataka, na nywele zilipoloa zikalala kama ufagio. Ndoano nayo ilikuwa ya kawaida, asubuhi ikawa na kutu. Nikabadilisha ndoano, nikaongeza jozi ya macho, nikapata kolekole wa ukubwa wa kiganja. Muundo uleule, mdogo na bila macho, niliupeleka mto Gura, kwa trauti ambao wazee wao walipandwa humo mwaka 1905. Hawakujali kabisa.

Niliporudi mjini nilimpelekea Anti. Alikigeuza, akachukua makasi, akakata nusu ya nywele bila kuniuliza. "Ulijaza sana. Maji yapite." Wiki mbili baadaye, Kilifi tena, kolekole wa pili, mkubwa kuliko wa kwanza. Chambo kile nimekihifadhi kwenye kopo la kahawa, kikiwa na kikaratasi: nywele za mbuzi, mnyororo wa sinki, mlango wa Kilifi, mwezi na mwaka, na jina kamili la Anti, ambalo nililazimika kumuuliza.

Johnson alisafiri nchi kadhaa kuwafuata walionunua manyoya ya Rist. Kurasa zake za mwisho, akihesabu ndege ambao bado hawajaonekana, ni nzuri sana. Nimezisoma mara mbili.