Majina Yanayodhaniwa Makosa: Unukuzi wa Daftari za Sensa za Beni na Butembo

Mnukuzi wa daftari za kale za sensa hukutana na majina yanayomtatiza, na mara nyingi huharakisha kuyaita makosa ya karani. Kwa upande wa Beni na Butembo, Kivu ya Kaskazini, hukumu hiyo yahitaji kupimwa upya. Huko yasiyo makosa husahihishwa, ilhali makosa halisi hupita bila kutambuliwa.

Chanzo cha utata ni mfumo wa majina ya Wanande. Jina la kuzaliwa hutaja nafasi ya mtoto: mvulana wa kwanza ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, wa tano Katembo, binti wa kwanza ni Masika. Majina mbadala yapo, lakini kanuni ni hiyo. Mnukuzi asiyeijua akikuta "Kambale, mwana wa Kambale" hudhani karani amerudia neno kwa kusahau, akafuta moja. Kumbe baba alikuwa mwana wa pili kwao, na mtoto ni wa pili kwake. Kwa kufuta neno moja, kizazi kizima kimeondolewa.

Kinyume chake ni pengo. Nyumba yaweza kuandikwa Paluku na Kasereka, pasipo Kambale. Huenda Kambale alifariki akiwa mchanga, au amehamia kwingine. Kutokuwapo kwake hakubadili jina la mdogo wake. Jina Kasereka, basi, ni ushahidi wa ndugu ambaye karani hakumhesabu. Anayeligeuza kuwa Kambale ili orodha ifuatane vizuri huufuta ushahidi huo.

Tofauti za tahajia nazo zisichanganywe na makosa. Mpaka uliowekwa mwaka 1910 uliwatenga Wanande na ndugu zao Wakonzo wa Uganda. Kwa Wakonzo, majina yaliyotajwa huandikwa Baluku, Bwambale, Masereka, Kule na Thembo. Aidha, serikali ya Mobutu ilipoamuru mwaka 1972 majina ya Kikristo yaachwe, mtu mmoja aliweza kuonekana katika daftari mbili kana kwamba ni watu wawili.

Makosa halisi hutokana na mwandiko. Herufi "u" na "n" hufanana, "k" husomwa "h". Kahindo huwa Kahiudo, na kosa hilo hugunduliwa upesi. Lakini Kakule akiwa Kahule hupita, kwa kuwa neno hilo lina sura ya jina la Kibantu.

Jambo hili si la wanaisimu peke yao. Kwa miongo mingi baada ya sensa ya 1984 nchi haikufanya nyingine ya jumla, na mauaji yaliyoanza Beni mwaka 2014 yamewafukuza wengi makwao, pengine bila hati yoyote. Kwa anayedai shamba la babu yake, mstari mmoja wa daftari la zamani waweza kuwa ndio shahidi aliyebaki.

Kwa hiyo unukuzi uhifadhi kila herufi ilivyoandikwa; pendekezo la usomaji liwekwe katika safu ya pembeni; na kabla ya jina lolote kuitwa kosa, aulizwe mjuzi wa Kinande.